Mabaki ya Mbegu za Mafuta: Yapi Yaende kwenye Injini, Yapi Yabaki Nyumbani?

  

Leo tuzungumze juu ya mabaki ya mbegu za mafuta. Nina maana ya mashudu, makapi na mashapo, yaani vile vitu vinavyobaki tukisha kukamua alizeti, pamba, karanga, ufuta au mbono. Bei ya dizeli ikipanda, maneno huwa mengi vijijini. Mmoja atakwambia mashudu yanaweza kugeuzwa mafuta ya trekta. Mwingine atakwambia makapi yakipikwa ndani ya pipa hutoa dizeli. Wa tatu atasema ati anayemlisha ng'ombe mashudu anachezea mali. Na kikundi chenye akiba ya kununua mtambo mmoja tu kinabaki kujiuliza: tununue mtambo wa kutengenezea mafuta ya injini, au fedha yetu tuielekeze kwingine?

Hilo si swali dogo, kwa sababu fedha ya kikundi ikishatoka hairudi kwa urahisi. Kwa hiyo jibu langu nalitoa mapema. Ni kweli mabaki ya mbegu za mafuta yanaweza kutoa mafuta ya injini. Lakini si mabaki yote, na hata yale yanayoweza, si yote yanayoleta faida yakifanyiwa hivyo kijijini. Kila aina ya mabaki ina mahali pake. Mkulima anayepajua mahali hapo si rahisi kudanganywa.

Mafuta ya mimea na injini

Jambo lenyewe si geni. Mwaka 1900, kwenye maonyesho makubwa ya mjini Paris, Ufaransa, ilionyeshwa injini ndogo iliyokuwa ikiendeshwa kwa mafuta ya karanga. Ilikuwa injini ya aina iliyobuniwa na Mjerumani Rudolf Diesel, ambaye jina lake ndilo tunalolitaja kila tunapokwenda kununua dizeli. Baadaye mafuta yanayochimbwa ardhini yakawa rahisi, na mafuta ya mimea yakaachwa jikoni.

Basi mtu atauliza: kama injini ilikubali mafuta ya karanga zamani zile, kwa nini leo nisimimine mafuta ya alizeti kwenye mashine yangu ya kusaga? Sababu ni uzito wa mtiririko wake. Mafuta ya mimea ni mazito karibu mara 10 kuliko dizeli. Pampu huyasukuma kwa shida. Nozeli, badala ya kuyapuliza kama ukungu, huyatoa kwa matone makubwa, na matone makubwa hayaungui yote. Yasiyoungua hugandamana kuwa masizi kwenye nozeli na ringi za pistoni, na mengine huteremka chini yakaharibu oili. Ziko injini za zamani za mwendo wa polepole zinazovumilia, ikiwa mafuta yamechujwa na kupashwa moto, na ikiwa injini inawashwa kwa dizeli na kuzimwa kwa dizeli. Lakini injini za siku hizi zenye pampu za nguvu nyingi, utaziua.

Ndiyo maana wataalamu huyabadili mafuta kwanza yawe mepesi. Mafuta yaliyobadilishwa hivyo huitwa biodizeli. Sasa tuyatazame mabaki yetu, aina moja baada ya nyingine, tuone yapi yanaweza kufika huko.

Mashudu: hesabu ya kilo 100

Chukua kilo 100 za alizeti safi, iliyokauka vizuri, uipeleke kwenye mashine ya kukamua. Mashine ikiwa nzuri utatoka na kilo kama 28 za mafuta, yaani lita 30 hivi. Mashudu yatakuwa kama kilo 65. Kinachobaki ni unyevu uliopotea, uchafu, na mashapo yatakayotua chini ya pipa. Vipimo hivi hupanda na kushuka kufuatana na mbegu na mashine, lakini vinatutosha kwa hesabu ya leo.

Ndani ya mashudu yale mna mafuta bado. Mashine ndogo za kukamua kwa parafujo huacha kiasi cha asilimia 8 hadi 12. Tuseme 10. Katika kilo 65 za mashudu kuna kilo 6 na nusu za mafuta, karibu lita 7. Hapo ndipo muuza mtambo anapoanzia hadithi yake: "Mnatupa lita 7 za mafuta katika kila kilo 100!"

Sasa subiri kidogo, ndugu mkulima. Mafuta hayo yamenata ndani ya mashudu. Viwanda vikubwa huyatoa kwa kuyaosha mashudu kwa heksani, kimiminika cha jamii ya petroli kinacholipuka upesi. Hiyo si kazi ya kibandani. Ukikamua mara ya pili kwa mashine yako ile ile utapata sehemu tu ya zile lita 7, na sehemu ya hizo utazila kwa umeme au dizeli ya kuendeshea mashine. Na ukishapata, bado ni mafuta mazito, hujafika kwenye biodizeli.

Upande wa pili, angalia mashudu yenyewe. Mashudu ya alizeti yana protini, kati ya asilimia 20 na 35 kufuatana na wingi wa maganda. Ng'ombe wa maziwa akipewa kilo 2 kwa siku pamoja na majani, zile kilo 65 zinamtosha mwezi mzima na siku za juu. Maziwa yanauzwa, watoto wanakunywa, na samadi inarudi shambani. Chukua karatasi. Upande mmoja andika thamani ya maziwa yanayoongezeka kwa mwezi, au bei ya kilo 65 za mashudu sokoni kwenu. Upande mwingine andika bei ya lita 3 au 4 za dizeli, ukitoa gharama ya kuzipata, na ukumbuke kuongeza thamani ya mashudu yatakayobaki. Linganisha mwenyewe. Kwa wengi wetu, mashudu safi ya alizeti mahali pake ni kihorini.

Lakini hadithi ya muuza mtambo ina ukweli mmoja tusiouache. Mafuta yaliyobaki kwenye mashudu ni hasara. Dawa yake si mtambo mpya mwishoni, ni kazi nzuri mwanzoni. Kausha mbegu mpaka unyevu ufike karibu asilimia 6 hadi 8. Pepeta utoe mchanga, maana mchanga unalika parafujo ya mashine. Mwambie fundi akaze mashine ipasavyo na abadilishe sehemu zilizolika. Mashudu yakishuka kutoka asilimia 12 ya mafuta hadi 8, katika kila kilo 100 za mbegu umeokoa karibu lita 3. Na hizo ni lita za mafuta ya kula, ambayo kwa kawaida huuzwa ghali kuliko dizeli. Mtu hauzi ng'ombe akanunua mbuzi kwa bei ile ile.

Mashudu yenye sumu

Si mashudu yote ya kulisha. Hapa naomba tusikilizane vizuri.

Mashudu ya pamba yana kitu kiitwacho gosipoli. Ng'ombe mkubwa anaweza kula kwa kipimo, lakini kuku, nguruwe na ndama wadogo hudhurika. Mashudu ya karanga yaliyoota ukungu yanaweza kuwa na sumukuvu, ambayo huharibu ini la mnyama na kupita mpaka kwenye maziwa tunayokunywa. Kuyachemsha hakuondoi sumu hiyo. Mashudu ya nyonyo yana sumu kali iitwayo risini. Na mashudu ya mbono kaburi yana sumu ambayo moto wa jikoni haitoshi kuimaliza. Wazee wetu walijua walichofanya walipoupanda mbono kuwa wigo wa boma na alama ya makaburi: mifugo hawaugusi.

Mashudu ya mbono na ya nyonyo ni mbolea nzuri. Yafukie shambani, yaoze wiki kadhaa kabla ya kupanda, na unawe mikono. Mashudu pia yakitiwa kwenye mtambo wa gesi ya samadi hutoa gesi nyingi kuliko samadi ya uzito ule ule. Gesi hiyo hupikia, na fundi anayeijua anaweza kuichanganya kwenye injini ya dizeli ili dizeli ipungue. Mashudu yenye ukungu nayo yapelekwe huko kwenye gesi. Usiyamwage kwenye shamba la karanga au mahindi, maana ukungu ule ule hukaa kwenye udongo ukisubiri mazao yako.

Mashapo: haya ndiyo ya injini

Sasa tumefika kwenye mabaki yanayofaa zaidi kuwa biodizeli. Ni mashapo ya mafuta yanayotua chini ya mapipa, mafuta machafu yanayotoka kwenye usafishaji viwandani, na mafuta yaliyokwisha kukaangia chipsi na samaki mpaka yakawa meusi. Mafuta yamo tayari, hayahitaji kukamuliwa, na hayafai tena kuliwa. Kuyatia kwenye injini hakumnyimi mtu chakula.

Kazi yenyewe huenda hivi. Mafuta huchujwa, kisha huchemshwa mpaka maji yote yatoke. Hupoozwa hadi nyuzi 55 au 60. Pembeni, kostiki soda iliyopimwa huyeyushwa ndani ya methanoli, kisha mchanganyiko huo hutiwa kwenye mafuta na kukorogwa muda wa saa moja. Kwa lita 100 za mafuta huhitajika methanoli kiasi cha lita 20. Vikiachwa vitulie usiku kucha, chini hukaa gliserini nyeusi na juu hukaa biodizeli. Biodizeli huoshwa kwa maji, hukaushwa na kuchujwa. Mafuta yakiwa mazuri, kila lita 100 hutoa lita 90 na zaidi.

Kwa maneno ni rahisi, sivyo? Sasa sikia ugumu wake. Mafuta machakavu yana tindikali. Kostiki ikikutana na tindikali hiyo hutengeneza sabuni, na pipa zima linaganda kama uji. Kwa hiyo ni lazima tindikali ipimwe kila mara, na ikizidi, mafuta yatibiwe kwanza kwa asidi. Hiyo ni kazi ya fundi aliyesomea.

Ugumu wa pili ni methanoli. Methanoli ni sumu. Vijiko vichache vikinywewa vinaweza kumpofusha mtu, na zaidi kidogo vikamuua. Hupita hata kwenye ngozi na kwa kuvuta hewa yake. Inafanana na maji, na ikishika moto mwali wake hauonekani mchana. Tangu hapo, ndugu zangu, methanoli haiwekwi kwenye chupa ya soda, haiingizwi nyumbani, haikorogwi kwa sufuria ya jikoni, wala haisogezwi karibu na sigara au jiko.

Ndiyo maana sishauri kila kaya wala kila kikundi kidogo kianze biodizeli yake. Inafaa pale kiwanda cha kukamua au ushirika wa vijiji vingi unapokusanya mashapo ya kutosha wiki kwa wiki, ukiwa na fundi, vipimo, na jengo lililo mbali na watu. Na kabla ya kuiuza, ulizeni EWURA na TBS juu ya leseni na ubora. Injini ya kwanza kuijaribu isiwe basi la abiria. Katika injini za zamani, fundi aangalie mipira ya mabomba, kwa sababu biodizeli hulainisha mipira ya asili mpaka ivuje.

Kikundi kidogo kifanye nini na mashapo yake? Kitengeneze sabuni. Kostiki bado ni kali na inataka glavu na miwani, lakini methanoli haipo, na soko lipo jirani. Mkoani Arusha, katika miaka ya 2000, vikundi vilivyofanya kazi na mbono viliona kwamba mafuta yake yakiwa sabuni yanaweza kuleta fedha kuliko yakiwa mafuta ya taa.

Makapi na lile pipa la moto

Sasa lile pipa linalosemwa kwamba hugeuza makapi kuwa dizeli. Mchoma mkaa yeyote anaijua nusu ya siri hiyo. Kuni zikifunikwa udongo zikanyimwa hewa, hutoa moshi mzito. Moshi ule ukipitishwa kwenye bomba lenye ubaridi, hugeuka majimaji meusi. Makapi ya alizeti yakipashwa moto wa nyuzi kama 500 bila hewa, yatafanya vivyo hivyo: utapata mkaa, gesi, na majimaji meusi.

Majimaji hayo huwaka, hilo ni kweli. Lakini si dizeli. Ndani yake mna maji, mara nyingi asilimia 15 hadi 30. Ni machungu kwa tindikali na hula chuma. Ukiyatia kwenye dizeli hayachanganyiki. Na kwa uzito ule ule, joto lake halifiki nusu ya joto la dizeli. Huko Joensuu, nchini Ufini, kiwanda kikubwa kilianza mwaka 2013 kutengeneza mafuta ya namna hii kutokana na mabaki ya misitu. Hata hao, wenye wahandisi na mitambo ya thamani, mafuta yao yalikuwa ya kuchoma kwenye matanuri ya kutoa joto. Hawakuyatengeneza ili yatiwe kwenye matrekta.

Lile pipa la kuchomelea uani lina hatari pia. Bomba likiziba, pipa hupasuka. Gesi yake ni ile ile inayowaua watu wanaolala na jiko la mkaa ndani. Kwa hiyo makapi yaende moja kwa moja kwenye moto wa kawaida: tanuri la matofali, jiko la shule, au yabanwe yawe matofali ya kuni. Kilo moja ya makapi makavu hutoa joto karibu sawa na kilo moja ya kuni kavu. Huo ni mti mmoja umebaki umesimama.

Funzo la mbono

Wengine watasema bwana shamba anawatisha watu maendeleo. La hasha. Nawakumbusha tu yaliyotupata. Kati ya mwaka 2005 na 2010 mbono ulivuma nchini kuwa dhahabu ya kijani. Ilisemwa ati huzaa sana hata kwenye ardhi kame, pasipo mbolea. Wilayani Kisarawe kampuni ya kigeni ilichukua zaidi ya hekta 8,000 kutoka vijiji 11. Ilipofika mwaka 2011 kazi ikasimama, vibarua wakarudi nyumbani, na ardhi haikurudi mikononi mwa vijiji. Kilwa nako kampuni nyingine iliacha kazi njiani.

Kosa lilikuwa wapi? Mbono hauogopi ukame, ni kweli, lakini kutokufa si kuzaa. Bila maji na rutuba, mavuno yalikuwa machache mno. Kuchuma kulikula siku nyingi za kazi. Tena bei ya petroli duniani, iliyopita dola 140 kwa pipa katikati ya mwaka 2008, ilianguka chini ya dola 40 kabla mwaka haujaisha, na hesabu zote zikavunjika. Mkulima aliyeupanda mbono kuwa wigo tu hakupoteza kitu. Aliyeng'oa mahindi akapanda mbono alipoteza chakula.

Maswali matano

Kwa hiyo akija mtu kijijini na mtambo wa kugeuza mabaki kuwa mafuta, mpokeeni vizuri, mpeni kiti, kisha mwulizeni haya:

1. Kilo 100 za mabaki yetu, si za kwako, zitatoa lita ngapi? Tupime leo hapa mbele yetu.

2. Mtambo wenyewe unatumia umeme, kuni, methanoli au dizeli kiasi gani kupata lita hizo?

3. Mafuta yakitoka, yataingia kwenye injini gani, na ni fundi gani atakayeitengeneza ikiharibika?

4. Mashudu tukiyatia humo, ng'ombe wetu watakula nini, na shamba litapata mbolea gani?

5. Bei ya dizeli ikishuka nusu, deni la mtambo tutalilipa kwa nini?

Akijibu yote kwa vipimo na maandishi, mwiteni afisa ugani, ulizeni na SIDO mkoani, mwendelee kuzungumza. Akijibu kwa picha na ahadi tu, mshukuruni kwa kuja.

Na ile akiba ya mtambo mmoja? Ushauri wangu ni huu. Kwanza nunueni chujio zuri, mapipa ya kutuliza mafuta, na vipuri vya mashine ya kukamua. Pili, jengeni ghala kavu ili mashudu yasiote ukungu. Tatu, wekeni mashapo yote kwenye pipa moja lenye mfuniko na mwandike daftarini mnapata lita ngapi kila mwezi. Daftari hilo baada ya mwaka ndilo litakalowaambia kama mnayo ya kutosha kuungana na vijiji jirani kwa kazi ya biodizeli, au kama sabuni inawatosha.

Ndugu mkulima, usiite taka kitu ambacho hujakipima. Pima kwanza, ndipo uamue kiende kihorini, shambani, jikoni au kwenye injini. Ikiwa una swali, mwulize afisa ugani wa kata yako.